Wimbo wa Buya na Kizingo Kilichotoweka

Mwenye kikohozi na akohoe sasa, na mwenye mtoto wa kulia ampe titi, maana kisa hiki cha Mashavu wa Buya hakipendi kukatizwa njiani. Ni kisa cha mwanamke aliyepotea mahali alipopajua kuliko jiko la mamake, akapotea kwa kufuata njia sawasawa.

Zilikuwa siku zile ambazo bendera ya Witu, usultani wa jirani, ilikuwa ikibadilishwa kama leso ya bibi harusi, leo hii, kesho ile. Watu wa Mto Tana huku Garsen hawakujua hasa wako chini ya nani. Walichojua ni kwamba wako juu ya mamba, na hilo lilitosha kumfanya mtu awe mwangalifu.

Mashavu alikuwa mke wa Buya, na Buya, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mpole, ambaye jembe lilimuumiza kiuno hata akiwa amelitazama tu. Mashavu ndiye aliyelima. Lakini mpunga ukianza kuchanua na makundi ya kwelea yakishuka, hapo ndipo ungejua kwa nini mwanamke mwenye akili zake aliolewa na Buya. Alikuwa akipanda juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kuamia ndege, na teo lake la kurushia mkononi na madonge ya udongo aliyoyafinyanga mwenyewe na kuyaanika, kisha akiwatukana ndege kwa ukoo. Hakuwapigia kelele kama watu wengine. Alikuwa akiwauliza habari za mama zao. Aliwaambia kuwa babu yao alikuwa popo. Ndege walikuwa wakiondoka wameudhika, na shamba la pili likipata taabu.

Jambo lake jingine lilikuwa nyimbo. Watu wa mtoni wana desturi yao: kila nyumba ina wimbo wake wa kwendea shamba. Kwa kila kizingo, yaani kila pale mto unapojikunja, pana ubeti mmoja. Unasukuma mtumbwi kwa upondo na unaimba; ukipita kizingo, ubeti umekwisha, unaanza mwingine. Wimbo ukiisha, umefika. Macho watu hawakuyaamini sana, kwa sababu mto huu ukifurika huacha ukingo mwingine kabisa, matete yameota pasipokuwa na matete, mti uliokuwa kulia umelala chini. Lakini wimbo, walisema, haukokotwi na maji.

Wimbo wa Buya ulianzia kwenye gati la Garsen kwa ubeti wa kiboko:

*Kiboko mwenye kitambi, sogea nami nipite,*
*wali nikiukosapo, wewe ndiwe nikuite.*

Katikati palikuwa na ubeti wa nduguye mdogo, Chande, ambaye siku moja alisimama mtumbwini kuwaonyesha watu kanzu mpya:

*Hapa ndipo bwana Chande, alioga na kanzuye,*
*samaki wakamcheka, mamba kamtema yeye.*

Na ubeti wa mwisho, wa shambani kwao penyewe, Buya aliutunga wiki ya arusi, na Mashavu alimsamehe baada ya miaka mingi tu:

*Kizingo cha mwisho hiki, tumefika mashambani,*
*Mashavu shuka na jembe, mimi niko kivulini.*

Basi. Buya akashikwa na homa. Wakapanda mto mpaka Wenje kwa jamaa zake, kwenye dawa, na dawa zikafanya ziwezavyo, na homa ikafanya zaidi. Alikufa akiulizia mpunga. Mashavu akakaa eda huko Wenje, na alipokuwa ndani, mto ukafurika furiko ambalo wazee walilifananisha na lile la utoto wao, kama wazee wanavyofanya kila mwaka. Eda ilipokwisha akashuka Garsen juu ya mtumbwi wa ndizi, akafikia kwa shemejiye, Chande.

Chande hakuwa mtu mbaya. Shida yake ilikuwa mbuzi. Alikuwa nao wengi, mkewe amekataa kuwachunga, na mbuzi wenyewe walikuwa wamemkataa Chande. Kwa hiyo alipomwona mjane anashuka na kifurushi chake, huzuni ya kufiwa na kaka na furaha ya kupata mchungaji vilimjia pamoja, na uso wake haukujua ufuate kipi. Baada ya dua na chakula akamweleza, kwa upole kabisa, kwamba amepita na mtumbwi kule shambani baada ya furiko, hakuona kizingo, hakuona dungu, hakuona hata mkuyu.

"Mto umelila, shemeji," akasema. "Usijisumbue. Kaa hapa, utulie. Mbuzi nao ni watu."

Mashavu akawatazama mbuzi. Mmoja alikuwa akitafuna pembe ya mkeka aliokuwa ameukalia.

Hapo inafaa mjue sheria ya mashamba ya mtoni, ili mjue Mashavu alikuwa na nini cha kupoteza. Shamba la marehemu ni la watu wake maadamu wanalilima. Furiko likipungua, kabla mwezi wa kupanda haujaandama, wazee hupita na mtumbwi kuangalia. Wakikuta jembe limepita, shamba linabaki. Wakikuta magugu, wanampa mwingine. Kwa Mashavu, kubaki bila shamba kulikuwa na maana moja: mbuzi wa Chande mpaka siku ya kufa. Lakini kuna jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Alitaka kukaa mara nyingine pale alipokuwa akikaa na Buya, aone mto kutoka pale pale, kisha ndipo aamini kwamba mtu amekufa. Huko Wenje alikuwa amemzika mgonjwa. Yule wa matusi ya ndege alihisi bado yuko shambani, ananung'unika kwamba chakula kimechelewa.

Asubuhi akaazima mtumbwi, akatia jembe, chungu, mchele na mkeka uliotafunwa, akasukuma.

Akaimba kama desturi. Kwenye kiboko, kiboko alikuwepo, na kitambi chake kimezidi. Kwenye ubeti wa kanzu alicheka mpaka upondo ukamponyoka, akaufuata kwa mikono, akacheka tena, kisha kicheko kikageuka, kama kinavyogeuka kwa waliofiwa, na kutoka hapo akawa anaimba na kulia, analia na kuimba, macho hayaoni mbele, lakini kizingo anakijua kwa jinsi mtumbwi unavyovutwa na maji. Ubeti wa mwisho ukaja. "Mashavu shuka na jembe," akaimba, na mtumbwi ukagota ukingoni. Akashuka na jembe.

Kwa hivyo Chande ni mwongo, akasema moyoni. Shamba hili hapa. Na kweli palikuwa na shamba, limefunikwa tope jipya jeusi la kupendeza, na nyuma yake mkuyu.

Mkuyu ulikuwa umeinamia upande wa pili. Mashavu aliuangalia kwa muda. Mkuyu wao uliinamia mtoni. Huu uliupa mto mgongo. Akashika kifua. "Hata mti," akasema, "umegeuza uso kwa huzuni." Akalitafuta dungu, hakuliona, akasema limechukuliwa na maji. Akatafuta kichuguu walichokuwa wakikalia jioni, akakuta shimo, akasema kimezama, maskini, kimemfuata mwenyewe. Mtu akiwa na majonzi, hakuna linalomshinda kulieleza.

Akalima. Alilima kama mtu anayekimbizwa na mbuzi. Kila siku alikuja na mtumbwi asubuhi, akiimba, akilia kidogo pale pale pa kulia, akifika, akilima mpaka jua likaze, kisha akipika wali chini ya mkuyu na kuegemea shina, akimpa Buya habari. Habari za eda, habari za Wenje, habari za mke wa Chande. Na alipokosa jipya alirudia ya zamani, na ya zamani yote yaliishia kwa jirani yao, mzee Dukicha.

Dukicha shamba lake lilikuwa kizingo kinachofuata chao. Alikuwa mgane, mnene kiasi, mwenye sauti nzito kama ngoma iliyolala nje, na mvivu ambaye hata Buya alikuwa akimwonea fahari. Yeye na Buya walikuwa wamegombana miaka yote kwa sababu ya mgono, ule mtego wa samaki wa fito. Buya alishikilia kuwa Dukicha huja alfajiri kuutazama kabla ya mwenyewe.

"Sasa umekwenda na hujalipiza," Mashavu akauambia mti siku moja. "Samaki wetu wote wamo ndani ya tumbo la Dukicha. Kila asubuhi alikuwa anatuibia."

"Mara moja tu," mti ukasema. "Na alikuwa kambare mdogo."

Mashavu akaacha kutafuna. Upepo haukuwepo. Matete nyuma ya mkuyu yalikuwa kimya, kimya cha matete yanayojuta. Akasoma audhubillahi, akapuliza kulia, akapuliza kushoto. Mtu mwingine angekimbia. Lakini Mashavu alikuwa ameishi na Buya miaka mingi, na kilichompanda kwanza hakikuwa hofu.

"Hata huko ulikokwenda," akasema, "bado unamtetea Dukicha?"

Mti ukakohoa, ukasema kwa sauti ya chini sana kwamba wali unanukia vizuri.

Mashavu alijua maiti hali wali. Mwalimu wa Garsen alikuwa ameyasema hayo waziwazi. Lakini pia alimjua Buya, na alifikiri kwamba kama yupo mmoja tu duniani ambaye mauti hayakumkata hamu, basi ni yule. Akaacha sahani chini ya mkuyu, akaenda mtumbwini. Kesho yake sahani ilikuwa safi kama imeoshwa. Akasema huenda ni nyani. Hata hivyo akapika zaidi kidogo.

Ikaendelea hivyo. Lima, pika, ongea, acha sahani. Mti haukusema tena, lakini siku mbili tatu Mashavu alipolisifu shamba jinsi linavyopendeza sasa, alihisi matete yanakubaliana naye kwa moyo wote. Shamba lote likageuka jeusi, limesawazishwa, mpaka kona za mbali ambazo hata enzi za Buya hazikuwahi kuguswa. Mwezi ulikuwa umebaki uzi.

Siku hiyo akaja Qabale. Qabale alikuwa mwanamke wa Kiorma, wa wale wafugaji wa nyikani, anayepita mashambani na kibuyu cha maziwa kubadilisha kwa mchele. Mto kwake ulikuwa kitu cha kunywesha ng'ombe. Hakuwahi kupanda mtumbwi wala hakuona sababu. Nchi hii aliijua kwa nyuma, kwa njia za ng'ombe. Akasimama, akalitazama shamba, akamsifu Mashavu kwa kazi.

"Bwana yako anafurahi sana," akasema.

Mashavu akashukuru, akafuta jicho, akasema inshallah anafurahi huko aliko.

"Iko pale," Qabale akasema, akionyesha matete kwa kidevu. "Analala."

Mashavu akamweleza taratibu, kama mtu anavyomweleza mgeni, kwamba bwana yake amekufa. Qabale akashika mdomo. Akaweka kibuyu chini. Akauliza amekufa lini, maana asubuhi alimwona mwenyewe na macho, anakula wali chini ya mti.

"Nani?"

"Bwana yako. Mzee Dukicha." Qabale akamtazama kwa huruma. "Wewe unalima shamba yake, wewe unapika chakula yake. Sisi wote tunasema, hii ndoa ni nzuri. Ngoma tu hatukusikia."

Wasikilizaji wangu, yako mambo ambayo mtu anayajua muda mrefu bila kuambiwa, na yanangoja tu mtu mmoja ayaseme kwa sauti. Mkuyu ulioupa mto mgongo. Kichuguu kilichokuwa shimo. Sauti ile nzito. Mashavu akakaa chini katikati ya shamba alilolilima, na jembe likakaa naye.

Akauliza, kwa sauti ndogo, shamba la Buya liko wapi basi. Qabale akashangaa, kwa sababu ilikuwa kama kuuliza Garsen iko wapi. Shamba la Buya si lile pale, nyuma ya ziwa jipya, ng'ombe wetu wanakunywa hapo? Akampeleka kwa miguu, kwa njia ya ng'ombe, na haikuwa mbali hata maziwa yaweze kuganda.

Mto ulikuwa umechoka kuzunguka. Hivyo ndivyo mto huu ulivyo: ukiona kizingo kimekuwa kirefu, siku ya furiko unakata shingoni, unapita moja kwa moja, na kizingo chenyewe unakiacha kando kama kiatu kilichovuliwa. Kizingo cha Buya ndicho kilichoachwa. Kilikuwa ziwa sasa, limejikunja vilevile, maji yametulia, na kati yake na mto mpya pamesimama ukuta wa matete. Chande alipita na mtumbwi asione kitu, akasema mto umekula. Mashavu naye akapita akiimba, na kwa kuwa kizingo kimoja hakipo, ubeti wa mwisho ukamshusha kizingo cha mbele, kwa Dukicha. Wimbo ulikuwa sawa. Mto ndio uliokosea.

Na shamba lilikuwepo. Mkuyu umeinama majini kama zamani. Kichuguu kipo. Dungu lipo, limeegemea upande kidogo, na Mashavu akapanda ngazi yake polepole akishika kila fito. Juu, pembeni, chini ya makuti, yalikuwa madonge ya udongo yamepangwa, makavu, maji hayakuyafikia. Akaokota moja. Lilikuwa na alama ya dole gumba la Buya, lile pana lililopinda.

Hakulia. Alikaa pale Buya alipokuwa akikaa, ambapo fito zilikuwa zimebonyea kwa mfano wa mwenyewe, akalitazama ziwa mpaka Qabale kule chini akaanza kunywa maziwa ya biashara. Kwelea wawili wakaja wakatua kwenye matete. Mashavu akawatazama, akawauliza habari za mama yao. Wakaruka. Hapo ndipo alipojua kwamba Buya amekufa, kwa sababu alikuwa amefanya kazi yake na hakuna aliyemsahihisha tusi.

Kisha akakumbuka kwamba shamba la mumewe limejaa magugu, la Dukicha limelimwa kama kaburi la sharifu, na kesho wazee wanapita. Huzuni ikampisha hasira.

Kesho yake hakuimba. Alifika kwa Dukicha mapema, akapika wali kama kawaida, mwingi, wa nazi, na ndani yake akasaga pilipili mbuzi, zote alizozikuta kwa mke wa Chande. Alijiambia kwamba hatimaye kitu chenye jina la mbuzi kimemfaa. Akaweka sahani chini ya mkuyu, akaaga mti kwa adabu, akajificha nyuma ya mtumbwi.

Mtumbwi wa wazee ukaonekana juu ya mto. Mbele ameketi mzee Tuneya, mkubwa wao, mwenye kofia, na nyuma Chande, aliyekuja kuhakikisha kwamba hakuna shamba. Walikuwa ndiyo kwanza wanagusa ukingo pale matete yalipofunguka.

Mzee Dukicha alitoka bila salamu. Mdomo wazi, macho mekundu, ulimi nje kama mbwa wa kiangazi, akapita kati ya wazee akaenda moja kwa moja mtoni, akaingiza kichwa chote. Mamba aliyekuwa akiota jua ng'ambo akafikiri jambo hilo, akaona lina hatari, akaondoka. Dukicha alipoinuka kupumua, wazee walikuwa wamekaa ukingoni tayari, wanangoja maelezo.

Lakini ulimi haukuwa wake. Mashavu ndiye aliyesema. Alieleza wimbo, na kizingo, na sahani, na mti uliokiri kambare. Mzee Tuneya alisikiliza akitazama chini, na mabega yake yalitikisika mara kwa mara, jambo ambalo kwa heshima tuliite kikohozi.

Chande akasema, kwa haki yake, kwamba yote hayo ni maneno. Shamba la marehemu limejaa magugu, sheria ni sheria, na shemejiye karibu nyumbani.

"Huyu mama alilima?" Tuneya akamuuliza.

"Alilima, lakini si..."

"Alilima kuliko wewe?"

Tuneya akamgeukia Dukicha, aliyekuwa amekaa matopeni, maji yanamtoka masikioni.

"Wewe, Dukicha. Jembe lilipoingia shambani kwako, uliliona?"

Dukicha akaitikia kwa kichwa.

"Ulilikataza?"

Akatikisa kichwa.

"Basi uliliita," Tuneya akasema. "Na sisi watu wa mtoni, aliyelimiwa hulima. Jasho la mwanamke huyu umelikalia wewe. Utalirudisha pale lilipokuwa linakwenda, na wewe hupandi punje kwako mpaka kwake kumekwisha. Shamba la Buya limelimwa tangu leo. Kilichobaki ni kulilima."

Wazee wote wakaona maneno hayo yana maana, na Chande akaona hayana, lakini alikuwa mmoja. Mashavu akamwambia shemejiye asivunjike moyo. Ziwa lina majani mazuri ukingoni, na mbuzi wakitaka kuja kutembea, waje, ila wachungwe na mwenyewe. Chande akasema atafikiri. Yasemekana mbuzi walikuja wenyewe.

Kwa hiyo ukipita pale ziwani siku zilizofuata, ungemkuta mzee Dukicha amevua shati, jembe mkononi, anapumua kama ng'ombe wa Qabale kwenye kinywesho, na Qabale mwenyewe amesimama na kibuyu, anamwuliza kama ndoa imevunjika. Mashavu alikuwa juu ya dungu. Madonge ya Buya aliyatenga upande, hakuyatupa hata moja. Alifinyanga yake, mabaya mabaya, yasiyolenga, na Dukicha alipoegemea jembe muda mrefu, moja lilikuwa likidondoka karibu na mguu wake kwa bahati.

Wimbo nao uliongezwa ubeti, kwa faida ya wasafiri, na huko Garsen watoto waliuimba hata kabla mwenyewe hajasikia:

*Hapa napita sishuki, hapa kwa bwana Dukicha,*
*nilimlimia shamba, mateteni kajificha.*

Siku ya mwisho ya kulima, jua likiwa kali hasa, Dukicha alifuta uso, akaangalia juu, akaomba kama kuna wali. Mashavu akamjibu kwamba upo, na hauna pilipili, lakini safu ile bado. Kisha akajinyoosha pale fito zilipobonyea, akaweka mkono mmoja chini ya kichwa, akaimba ubeti wa arusi yake, polepole, akibadilisha jina moja tu:

*Kizingo cha mwisho hiki, tumefika mashambani,*
*Dukicha shuka na jembe, mimi niko kivulini.*